Kabla ya Kuuliza "Nani?"

Wajukuu wangu wa Opala, ninyi mnaokaa Lubunga na Mangobo, mjini Kisangani, kwa masomo na biashara, na ninyi mliobaki huku kando ya Lomami, nisikilizeni. Nataka kusema juu ya matanga yetu. Mtu wa makamo akianguka ghafla akafa, mwili haujapoa na tayari jina la mchawi linazunguka uani. Jina hilo naliogopa kuliko ugonjwa wenyewe.

Najua mnavyosema, maana nami nimekulia katika maneno hayo. Miguu ikimvimba mtu, amekanyaga dawa aliyotegewa njiani. Akishtuka usiku wa manane anatafuta pumzi, mchawi amemkalia kifuani. Upande mmoja wa mwili ukifa, ametumiwa upepo mbaya. Akifa shambani bila kuumwa, ameliwa. Na wa kuulizwa ni mjomba waliyegombania ardhi, au bibi kizee asiye na mtoto wa kumtetea, au siku hizi yatima mdogo anayelelewa nyumbani humo.

Sasa zitazameni dalili hizo kwa utulivu. Moyo ukichoka kusukuma damu, maji hujikusanya mwilini na kushuka miguuni. Bonyeza kwa kidole, utaona shimo linabaki. Mtu huyo akilala chali, maji hujaa mapafuni, naye huamka kama anayekabwa. Akikaa wima, au akiwekewa mito miwili, anapata nafuu. Mchawi gani hufukuzwa kwa mto? Na ule upande uliokufa, chanzo ni mshipa wa ubongo ulioziba au kupasuka, mara nyingi kwa tansio ya damu iliyopanda ikakaa mwilini miaka mingi bila kuuma popote. Hapo ndipo tunapodanganyika. Tansio haina homa wala kidonda. Mtu analima, anacheza ngoma, anabeba mkungu wa ndizi begani, na kwa kuwa hatukumwona akiugua, tunasema kifo chake hakina sababu. Kisha tunakitafutia mtu.

Mtaniambia: Koko, wazee wa zamani hawakuujua ugonjwa huu, kwa hiyo uchawi ndio umezidi. Neno la kwanza lina ukweli mwingi. Daktari Mwingereza aitwaye Donnison alifanya kazi Kavirondo Kusini, magharibi ya Kenya, akawapima Waafrika wapatao 1,000 wenye afya. Mwaka 1929 aliandika katika jarida la Lancet kwamba tansio yao haikupanda na umri kama ya Wazungu. Lakini mwaka 1990 ilichapishwa kazi ya watafiti waliowafuata Wajaluo waliotoka vijijini huko magharibi kwenda kuishi Nairobi. Miezi ya kwanza tu ya kukaa mjini, tansio yao ilikuwa imeanza kupanda kuliko ya ndugu zao waliobaki nyumbani. Je, walihama na wachawi wao? Walichokutana nacho ni chumvi nyingi zaidi, uzito wa mwili na mahangaiko ya mji.

Nasi tumehama hivyohivyo, hata sisi ambao hatujatoka kijijini. Bibi zetu walichoma mimea ya mtoni, wakachuja majivu, wakapata chumvi ya kienyeji ambayo kwa sehemu kubwa ni potasiamu. Leo sombe inatiwa chumvi ya duka, juu yake vipande vya kukolezea mchuzi, pembeni makayabu, samaki wa chumvi, na jioni pombe ya lotoko inayochosha moyo kwa njia yake. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi ya mtu mzima isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo tayari katika samaki. Lituma tamu haihitaji chumvi yote hiyo.

Sisemi wazee walikosea kila kitu. Walisema huzuni na hasira vinaumiza moyo, na hilo nalishika mpaka leo. Ninachokataa ni chale za kifuani kwa mtu anayezama katika maji yake mwenyewe, na mhubiri anayemwambia mgonjwa aache vidonge ili aonyeshe imani. Ombeni, wanangu, na vidonge viendelee, hata siku mnapojisikia wazima.

Binti zangu, mama akivimba na kukosa pumzi kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi mwezi wa tano baada ya kujifungua, husemwa amevunja mwiko wa ndoa. Huenda misuli ya moyo wake imelegea. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Na mtoto akiumwa koo, kisha viungo vikavimba kimoja baada ya kingine, msingoje. Ugonjwa huo huharibu milango ya moyo, nao huzuiwa usirudi kwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka.

Narudi kwenye lile jina linalozunguka uani. Sisi Wambole tulikuwa na Lilwa, chama cha jando. Kijana alionyeshwa ofika, sanamu ya mtu aliyenyongwa kwa kuvunja sheria, ili ajue uzito wa kosa. Ilikuwa njia kali, lakini yule wa ofika alikuwa na kosa linalotajika. Bibi anayetajwa kwenye matanga ya leo ana kosa gani, isipokuwa kuishi muda mrefu kuliko waliomzaa aliyekufa? Na mtoto je? Sheria ya nchi ya tarehe 10 Januari 2009 inayolinda watoto inakataza kumsingizia mtoto uchawi. Mkisikia anasingiziwa, simameni mseme.

Ninyi wa Kisangani, mkija matangani msilete sukari na kahawa tu. Changeni pesa mlete tansiometre na betri zake. Ukoo mzima uko pale, umekaa. Mpimeni mjomba, mpimeni shangazi, kabla mtu hajafungua kinywa kutaja jina. Namba ya juu ikifika 140, au ya chini 90, iandikeni kwenye karatasi, mpimeni tena siku nyingine, na ikirudia hivyo msindikizeni kituo cha afya na karatasi yake mkononi.