Mbwa wa Mwenye Nyumba na Bunduki ya Askari

Askari mwenye hati ya hakimu ameingia kupekua nyumba. Akatokewa na mbwa wa mwenye nyumba. Akakhofu, akampiga risasi akamuua. Je, khofu yake peke yake yatosha kuwa udhuru? Suala hili limezungumzwa sana Marekani, katika mahakama na katika mabaraza ya kutunga sharia, na lina faida kwa kila mwenye kupenda kujua mpaka wa nguvu, hata kama hajapata kufuga mbwa wala hapendi kumgusa.

Yamkini msomaji wa pwani atacheka kwanza. Atasema, mbwa ni mbwa. Nyumbani kwetu hapiti kizingiti, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Ni yepi basi ya kuwashughulisha mahakimu?

Kusema hivyo ni kuchanganya milango miwili. Najisi ni mlango wa tohara, na damu ya mnyama ni mlango mwingine. Maulamaa wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na watu wengi wa pwani, wamesema yakuwa mbwa ni najisi, tena wamesema hana thamani, hauzwi wala hanunuliwi, na aliyemuua hatozwi fidia. Walakini maulamaa hao hao wamesema yakuwa mbwa asiyedhuru, mwenye manufaa ya kulinda au kuwinda, ni haramu kumuua. Hukumu hii ni ya kuangaliwa vizuri: hana bei, na juu ya hayo damu yake haichezewi. Mtu aliyezoea kupima kila kitu kwa fedha haitamwingia upesi.

Mbwa mkali, mwenye desturi ya kuuma watu, ana hukumu yake, naye ameruhusiwa kuuawa. Ama mnyama anayemshambulia mtu wakti ule ule, vitabu vya fikihi vina mlango mzima katika khabari hiyo, na umo katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu kijulikanacho sana na makadhi wa pwani. Humo mshambulizi, akiwa ni mtu au mnyama, hurudishwa kwa jambo jepesi kwanza. Akirudi kwa ukelele hapigwi mkono. Akirudi kwa mkono hapigwi fimbo. Akirudi kwa fimbo hauawi. Asiyekuwa na chochote mkononi illa upanga, na nafasi hana, huyo husamehewa. Udhuru wake, kwa hivyo, hautokani na khofu tu. Hutokana na kukosa njia nyingine.

Sasa na itazamwe Marekani. Huko mbwa hulala sebuleni, hupewa jina, na watoto hukua pamoja naye. Katika sharia kubwa ya nchi hiyo mna kifungu, kilichotiwa mwaka 1791, kinachoikataza serkali kuwashika watu, au kuziingilia nyumba zao, karatasi zao na vitu vyao, bila ya sababu ya haki. Mwaka 1994 mahakama moja ya rufani iliyo upande wa magharibi ilihukumu yakuwa mbwa ni katika "vitu" hivyo, na askari akimuua amekichukua kitu cha mtu. Kwa hivyo sharia yao ilianza na mali, pale pale ambapo fikihi ya Shafi haikuona mali.

Haikukomea hapo. Mwezi wa Januari mwaka 1998 polisi wa San Jose, katika California, walikwenda kupekua nyumba za watu wa chama cha wapanda pikipiki kiitwacho Hells Angels, yaani Malaika wa Jahanamu. Na watu wa chama hiki hawakujichagulia jina hilo bure. Shauri lenyewe lilikuwa la mauaji, na polisi walitafuta dalili za kuonyesha nani ni mwanachama. Katika nyumba mbili waliwaua mbwa watatu. Wenyewe waliposhtaki, askari walitaka kinga ya kutoshtakiwa, kwa hoja yakuwa walikhofu na hapakuwa na nafasi. Mwaka 2005 mahakama ya rufani iliwanyima kinga hiyo. Sababu yake ni nyepesi kufahamika. Askari hawa walijua kwa muda wa juma zima yakuwa mna mbwa. Katika juma hilo walipanga nani apite wapi, na watu wa ndani washikwe vipi. Kwa mbwa hawakupanga jambo la maana zaidi ya kupiga risasi. Mtu aliyepewa siku saba za kufikiri hawezi kusema yakuwa ameshtukizwa. Tena mahakama ilitaja yakuwa mapenzi ya watu kwa mbwa wao si kama kumiliki kiti na meza.

Ifahamike yakuwa waliopewa haki hapa hawakuwa watu wa kuonewa huruma upesi. Haki ya nyumba haikungoja wenyewe wawe wema.

Watetezi wa askari wana hoja, na haifai kuidharau. Mbwa ana meno, wako walioumwa wakapata vilema, na askari anayeingia mahali asipopajua hawezi kusimama akapima tabia ya mnyama kama mwalimu anavyopima hesabu. Hoja hii ni kweli kwa mbwa anayeruka kumuuma mtu. Lakini mbwa wengi wanaouawa hawakufika hapo. Mbwa akisikia mlango, hukimbilia mlangoni na kubweka. Ndiyo kazi yake. Akiambiwa kwa ukali "Simama!" hafahamu neno, akiona mtu akimjia mbio, huzidi kubweka. Alama zake anazijua kila aliyefundishwa: masikio, mkia, namna ya kusimama.

Na watazamwe wapeleka barua wa nchi hiyo hiyo. Kila siku huingia katika nyua za watu, hawana bunduki, na mwaka 2023 zaidi ya 5,800 kati yao walishambuliwa na mbwa. Hawa ndio wenye haki ya kukhofu zaidi kuliko watu wote. Serkali imewapa dawa ya kupuliza machoni mwa mbwa, na inawafundisha kuweka mkoba baina yao na meno yake. Kwa hivyo njia nyepesi iko, inajulikana, na watu wanaitumia. Wala haikugunduliwa jana.

Baya kuliko khofu yenyewe ni khofu ambayo mtu ameitengeneza kwa mikono yake, kisha akaifanya hoja. Mwezi wa Julai mwaka 2008, katika mji mdogo wa Berwyn Heights, Maryland, ulipelekwa mzigo wa bangi wa ratili 32 hivi nyumbani kwa meya wa mji, Cheye Calvo, kwa jina la mkewe. Wao hawakuwa na khabari nao. Wauza bangi walikuwa wakitumia anwani za watu wasiojua, ili mzigo unyakuliwe kabla haujawafikia. Polisi waliujua mzigo, wakaufikisha wenyewe mlangoni, na meya alipoutia ndani askari wa sherifu walivunja mlango. Mama mkwe wake alikuwa jikoni. Alipoona watu wenye silaha nje alipiga ukelele, na ukelele huo ukafanywa sababu ya kuvunja. Mbwa wawili wa nyumba hiyo waliuawa mara moja, na mmoja, kwa maneno ya mwenyewe, alikuwa akikimbia. Mkuu wa polisi wa mji hakuarifiwa lolote, naye alikuwa akimjua meya wake. Kubisha hodi kungaliwaweka hai mbwa wote wawili.

Mahakama zenyewe hazikushika njia moja. Mwaka 2013, huko Battle Creek, Michigan, polisi walikwenda kupekua nyumba kwa ajili ya madawa ya kulevya. Mkazi mmoja alishikwa nje kabla hawajaingia, akasema yakuwa ndani mna mbwa wake wawili, na ufunguo wa mlango anao. Khabari ya ufunguo haikuwafikia wenziwe. Mlango ukavunjwa, na mbwa wote wawili wakauawa. Mmoja wao alikuwa amesimama tu, ubavu wake umeelekea askari, akibweka. Mwaka 2016 mahakama ya rufani ya upande huo ilihukumu yakuwa askari hawana makosa, kwa kuwa iliangalia zaidi ule wakti wa risasi kuliko yaliyotangulia. Hukumu hii ni dhaifu. Mwenye kuitazama dakika moja tu, akaiacha saa iliyoizaa, hataona dhulma hata siku moja, kwani kila dakika ikiwa peke yake ina udhuru wake. Na ufunguo ulikuwa mfukoni.

Wako watakaosema yakuwa yote haya ni ya wanyama. Basi na wasikie ya Arlington, Texas, mwezi wa Agosti mwaka 2019. Askari alitumwa kwenda kumwangalia mwanamke aliyelala majanini, kwa khofu ya watu yakuwa huenda ana tatizo. Akiwa njiani kumwendea, mbwa asiyefungwa alimjia mbio. Askari akafyatua bastola, na risasi ikamuua yule mwanamke ambaye alitumwa kumsaidia. Risasi haina jina la aliyekusudiwa, na wale maulamaa waliotaka ukelele uje kabla ya mkono walikuwa wakimwangalia mtu kama walivyomwangalia mnyama.

Katika mwaka 2013 baraza la Colorado lilitunga sharia ya kuwafundisha askari kumjua mbwa mkali na mbwa wa kawaida, na kumpa mwenyewe nafasi ya kumfunga au kumwondoa mbwa wake, pasipokuwa na dharura. Ni jambo dogo, nalo karibu ni lile lile la kubisha hodi na kungoja kitambo.

Maryland ilitangulia. Baada ya mambo ya Berwyn Heights, na meya mwenyewe akiidai, ilitungwa mwaka 2009 sharia ya kuzilazimisha idara za polisi kuandika kila miezi sita ni mara ngapi vikosi vyao vya silaha vimetumwa, kwa sababu gani, kama mlango umevunjwa, kama silaha imefyatuliwa, na kama mtu au mnyama wa nyumbani ameumizwa au ameuawa. Haikumkataza askari lolote. Ilimtaka aandike tu. Muda wake ulikwisha mwaka 2014, na baraza halikuuongeza.