Je, Siku za Kale Zilikuwa Njema?

Katika nchi ya Australia wako watu wengi wapendao vitu vya zamani. Hununua tena santuri, redio za mbao na vitu vya kuchezea vya utoto wao. Hutazama tena michezo ya kale ya televisheni, kama ule wa kangaru Skippy wa mwishoni mwa miaka ya 1960. Husema: “Siku zile zilikuwa njema.” Je, wasema kweli?

Kupenda vitu hivyo si kosa. Atunzaye santuri ya mama yake hapendi sahani tu. Amkumbuka mama aliyeimba nayo jikoni. Hiyo ni shukrani, nayo ni haki.

Lakini tufikiri vema. Televisheni ilipoanza kule Sydney mwaka 1956, katiba ilikuwa ingali inakataza kuwatia wenyeji wa asili katika hesabu ya watu wa nchi. Neno hilo liliondolewa kwa kura ya mwaka 1967. Tena serikali iliwanyang’anya wenyeji hao watoto wengi. Ndipo mwaka 2008 Waziri Mkuu Kevin Rudd akaomba radhi bungeni.

Wazee husema: ya kale hayanuki. Kwa mama aliyenyang’anywa mtoto, yananuka hata leo.

Basi, asemaye “siku zangu zilikuwa njema” aweza kusema kweli. Asemaye zilikuwa njema kwa wote amnyima jirani yake kilio. Wapenzi wasomaji, tunapoyasifu ya zamani, tumwulize na jirani siku hizo zilimtendea nini.