Wamefikia Wapi?

Ndugu wakikosana, majirani hawaulizi kwanza nani mkosaji. Huuliza wamefikia wapi. Wakiambiwa wamenuniana, roho hutulia: kununa kuko usoni, na uso hukunjuka. Wakiambiwa hawasemezani, wazee huanza kutafutana. Ikisemwa "siku hizi hawaendeani", hapo mambo yamekuwa mazito, maana kuendeana ndiko kunakobeba undugu: mgonjwa kujuliwa hali, mtoto mchanga kutazamwa, sahani ya futari kuvushwa uani. Sahani ya namna hiyo nimeiona ikirudishwa na kawa juu, haijafunuliwa. Aliyeletewa alikuwa amesusa, na kususa kunauma kuliko tusi, kwani tusi angalau hujibiwa.

Lililo zito kuliko yote ni "hawazikani". Mtu akilitamka kuhusu nduguye wa tumbo moja, anasema hata mauti hayatawakutanisha.

Hadithi ya Mtume iliyomo katika Bukhari na Muslim inamkataza Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku 3, na inamtaja aliye bora kati ya wawili hao kuwa ni yule anayeanza kutoa salamu. Naipenda kwa sababu haidai kesi iamuliwe kwanza. Siku 3 zinatosha hasira kupoa. Zikipita miaka, kosa lenyewe mara nyingi limeshasahauliwa, yamebaki mazoea ya kupita mlangoni bila kupiga hodi, na watoto huyarithi wasijue ugomvi ulianzia wapi.