Ndugu Kwanza, Matembezi Baadaye



Wako wazazi wetu wanaofunga safari kwenda Ulaya ya Kaskazini kumwona mwana. Begini mna korosho zilizobanguliwa nyumbani, doti ya kanga ya mkwe na kofia ya mjukuu. Huko wanatembezwa: wanapanda treni Copenhagen, wanavuka daraja la Øresund lililofunguliwa mwaka 2000, wanashukia Malmö, Sweden. Mwezi Juni bibi anangoja Magharibi mpaka karibu saa nne usiku.

Uhusiano wetu na nchi za huko ni wa zamani. Miaka ya 1960 Denmark, Finland, Norway na Sweden zilishirikiana na Tanganyika kujenga Kibaha kituo cha elimu, afya na mafunzo ya wakulima. Mwaka 1970 kilikabidhiwa kwa serikali yetu, na leo ndilo Shirika la Elimu Kibaha.

Lakini turudi kwa wasafiri wetu, msikilizaji: mwana anayerudi kazini usiku, amechoka, anamhitaji zaidi mama jikoni amsikilize, kuliko picha mia za darajani. Naye akija likizo asiishie hotelini Dar es Salaam. Afike kwao Kisarawe awaamkie wazee, wanawe wauone msitu wa Pugu-Kazimzumbwi na makaburi ya mababu zao.

Unayesafiri mwaka huu, tenga kwanza siku za kukaa na ndugu, ndipo upange za matembezi. Mandhari yatakungoja, wazee hawatakungoja daima.