Maji Yapotea Nasi Tumelala

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya haya: tumeletewa katika darsa letu suala ambalo asili yake ni ugomvi wa nyumba moja hapa Mombasa, walakini jawabu lake lamhusu kila mwenye mfereji ndani ya nyumba yake. Nyumba hiyo yakaliwa na jamaa wanne, mita yao ya maji ni moja, na bili huigawanya sawasawa. Miezi mitatu mfululizo bili ilipanda bila ya sababu ijulikanayo. Basi watu wakamtazama mama mmoja mjane akaaye chini, ambaye riziki yake ni kukaanga mahamri na kuuza, wakasema kuwa yeye ndiye amalizaye maji. Hawakumwambia usoni, illa alijua. Na ikafika hadi salamu ya asubuhi haiitikiwi. Mwengine akasema mita ina jini, akataka isomewe.

Kijana mmoja wa nyumba hiyo akanunua chombo kidogo cha kuhesabu maji, akakifunga, akakitazama. Usiku wa tatu, saa nane, watu wote wamelala na hapana mfereji uliofunguliwa, chombo kikaonyesha maji yapita kiasi cha lita moja kila dakika wala hayakomi. Yakafuatwa, yakaonekana katika choo cha juu kisichotumiwa sana: kipande cha mpira ndani ya tangi la choo kimelika, na maji yashuka bakulini kimya kimya, hayana sauti wala hayamwagiki sakafuni.

Na sasa twaulizwa mambo mawili. Je, kuhangaika na chombo kama hiki ni katika dini, au ni anasa ya watu wenye simu? Na la pili, mwenye nyumba ataka kukichukua chombo hicho akitazame yeye peke yake kutoka dukani kwake, je, yafaa?

Kwanza na tuhesabu, kwani watu wengi husikia neno "kuvuja" wakalidharau. Lita moja kwa dakika ni lita 1,440 kwa siku moja. Hiyo ni mitungi 72 ya lita 20. Kwa siku 30 ni lita 43,200, yaani zaidi ya mita 43 za ujazo. Mwenye mkokoteni auzaye maji mitaani angesukuma safari ngapi hata aifikishe mitungi hiyo? Na katika mji huu huu wako watu wanunuao mtungi mmoja mmoja, wakaupima kwa kata. Hata mfereji udondokao tone moja kila sekunde si jambo dogo: matone 86,400 kwa siku, na tone la mfereji ni kama robo ya mililita, basi ni mtungi mzima wa lita 20 na zaidi, kila siku ya Mungu, kwa sababu ya mpira wa shilingi chache.

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 31, ameturuhusu kula na kunywa, kisha papo hapo akatukataza israfu, akatujulisha kwamba hawapendi wenye kufanya israfu. Na katika Sura ya Al-Muuminun, aya ya 18, ametukumbusha kwamba maji ameyateremsha kutoka mbinguni kwa kipimo, akayatuliza ardhini, naye ni muweza wa kuyaondoa. Izingatieni khabari hii ya kipimo. Maji tunywayo Mombasa hatuyachimbi barazani petu. Mengine yatoka chemchemi za Mzima huko Tsavo, nayo husafiri ndani ya bomba zaidi ya kilomita 200. Mengine yatoka visima vya Baricho kandokando ya mto Sabaki. Mengine Marere, katika milima ya Shimba. Yote hayo yafika kwa mgao, leo mtaa huu, kesho mtaa ule. Basi maji yavujayo kwako usiku si yako peke yako, bali ni zamu ya mwenzio iliyopotea.

Na Mtume wetu (S.A.W.) imethubutu katika Bukhari na Muslim kwamba akitawadha kwa mudi moja, na akioga kwa pishi moja hadi mudi tano. Mudi ni kadiri ya viganja viwili vya mtu wa kiasi vikijaa, nayo haifiki lita moja. Iko pia Hadithi iliyopokewa na Ibn Majah, ya kumkataza sahaba Saad kufanya israfu katika udhu hata akiwa penye mto upitao. Wanavyuoni wa Hadithi wamekhitalifiana juu ya isnadi yake, kwa hivyo hatuifanyi kuwa ndiyo nguzo ya maneno yetu. Aya zatosha, na mwendo wa Mtume katika Hadithi iliyo sahihi watosha.

Wako wasemao: "Mimi sikuyamwaga, yamevuja yenyewe." Twasema: mara ya kwanza, huna makosa. Walakini aliyekwisha kujua, au aliyeona bili yake yapanda akakaa kitako asitafute, huyo ameridhia. Wala asiseme kuwa amemtegemea Mungu. Yule bedui aliyemuuliza Mtume khabari ya ngamia wake aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Na zaidi ya mali kuna dhara ya jirani. Nyumba zetu za mji wa kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake ni boriti za mikoko. Unyevu ukiingia katika ukuta wa kati, chokaa hutoka, boriti huoza, na ukuta ule nusu yake ni wa mwenzio. Mtume (S.A.W.) amekataza kudhuru na kudhuriana, nalo ni asili kubwa katika sharia.

Ama chombo chenyewe, tumewauliza mafundi na tumekiona kikifanya kazi, na kukieleza si vibaya, kwani wengi hukinunua kisha kikawashinda. Viko vya namna tatu. Kimoja hufungwa juu ya mita, kikasikia sumaku izungukayo ndani yake. Cha pili hukatiwa bomba kikaungwa katikati, nacho kina gurudumu dogo lenye sumaku, na kila mzunguko huhesabiwa. Cha tatu hubanwa juu ya bomba bila ya kulikata, kikapima mwendo wa maji kwa mawimbi ya sauti tusiyoyasikia. Vyote hupeleka hesabu kwa njia ya mtandao wa nyumba hadi kwenye simu.

Taabu yake kubwa ni chakula chake, yaani nguvu za umeme. Kuhesabu tu hakutaki nguvu nyingi. Kinachomaliza betri ni kupeleka khabari hewani. Chombo kipelekacho khabari kila sekunde betri yake hufa upesi, na kile kilalacho, kikawa chahesabu kimya kimya na kuamka mara moja kila baada ya dakika kadha, betri zake hukaa muda mrefu zaidi sana. Tena chombo kilichotiwa ndani ya kisanduku cha mita chenye kifuniko cha chuma, au nyuma ya kuta zetu nene, hulazimika kupiga kelele ili kisikiwe, na hiyo nayo ni kazi ya betri. Na sisi watu wa pwani tuna adui wa tatu, ndiye chumvi ya hewa: vichuma vishikavyo betri huota kutu, na mtu akadhani betri ni mbovu. Vifutwe, na kifuniko kizibwe vyema.

Atakaye kutumia umeme wa nyumba, chaja na iwe ndani, mahali pakavu, na kiendacho kwenye bomba kiwe ni waya mwembamba wa volti 5 tu. Umeme wa volti 240 usipelekwe kabisa kwenye kisanduku cha mita au karibu na tangi. Kuokoa maji kwa kuhatarisha roho si akili wala si dini. Na kwa kuwa stima hukatika, na mara nyingi hukatika usiku ambao ndio wakati wa kupeleleza, chombo kitiwe betri ya akiba. Hapa pana jambo lililomsumbua yule kijana siku mbili za mwanzo. Betri nyingi za akiba tuchajiazo simu hujizima zenyewe zikiona kinachotumiwa ni kidogo mno, zikidhani simu imekwisha kujaa. Na nyengine haziwezi kuchajiwa na kutoa umeme kwa wakati mmoja. Basi mtu hulala akidhani chombo chake kiko macho, kumbe kimelala kabla yake. Dawa yake ni kuchagua betri isiyojizima, na kuijaribu mchana kwa kuuzima umeme makusudi. Kisanduku cha mtandao nacho kipewe akiba yake, ama sivyo hesabu haitakufikia.

Jambo jengine ambalo vitabu vya hivyo vyombo haviwaelezi watu wa mgao. Katika miji ambayo maji hayakatiki, chombo hufungwa penye mita, na maji yakipita usiku bila ya kukoma hujulikana kuwa yavuja. Kwetu maji huja usiku, yakajaza tangi la juu au la chini. Basi maji kupita penye mita usiku kucha huenda ikawa ndiyo neema yenyewe. Tena maji yanapoanza kurudi baada ya ukame wa siku kadha, hutanguliwa na hewa, na hewa nayo huzungusha gurudumu. Kwa hivyo atakaye kujua ya ndani ya nyumba yake, afunge chombo baada ya tangi, katika bomba lishukalo majumbani. Hapo hewa huwa kidogo, na saa nane za usiku panapaswa kuwa kimya.

Na asiye na uwezo wa kununua chombo asihuzunike, maana mita yake inatosha. Aufunge mkoko wa kuingilia tangini pamoja na mifereji yote iliyo kabla ya tangi, wakati maji yako bombani. Mita ikiendelea kuzunguka, bomba lavuja kati ya mita na tangi. Kisha, hali mkoko umefungwa, atie alama penye kimo cha maji ya tangi baada ya Isha, watu wakishalala, atazame tena kabla ya Alfajiri. Yakiwa yamepungua, maradhi yako ndani. Choo nacho kina mtihani wake: tia rangi ya chakula kidogo katika tangi lake, usikivute kwa nusu saa, rangi ikitokea bakulini, mpira umelika. Haya yote ni kazi ya usiku mmoja.

Tumebakisha suala la mwenye nyumba, nalo twaliona ni zito kuliko lile la kwanza. Katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, Mwenyezi Mungu amekataza dhana nyingi, na papo hapo akakataza kupelelezana na kusengenyana. Chombo hiki kimeivunja dhana mbaya iliyokuwa juu ya mama yule, na hiyo ni kheri. Lakini chombo hicho hicho chaweza kuwa jicho la kupeleleza. Chaonyesha saa atakayoamka mtu, saa atakayooga, usiku ambao hakulala nyumbani. Maji yapitayo saa kumi za usiku katika nyumba ya mume na mke yana khabari yao, na khabari hiyo haimpasi mtu mwengine. Mtume (S.A.W.) alimkemea vikali mtu aliyechungulia kwa tundu ndani ya chumba chake, akabainisha kwamba sababu ya kubisha hodi ni kulizuia jicho. Wala hatuoni tofauti kubwa baina ya jicho lichunguliapo tundu na jicho litazamapo simu.

Kwa hivyo jawabu letu ni kwamba mwenye nyumba ana haki ya kujua kama bomba lake lavuja, wala hana haki ya kujua mpangaji wake aoga lini. Chombo kikifungwa, kifungwe kwa idhini ya wote wakaao. Hesabu waione wote, si mmoja. Na anachopelekewa mwenye nyumba kiwe ni jumla ya siku pamoja na onyo la maji yasiyokoma, basi. Asiyeridhia vyumba vyake kupimwa asilazimishwe, wala kukataa kwake kusifanywe kuwa ni dalili ya wizi.

Na wale waliomtuhumu mama yule, kutengeneza choo hakuwatoshi. Alitukanwa kwa maneno kibarazani, basi na asafishwe kwa maneno kibarazani, na waende kwake wamtake radhi. Gharama ya miezi mitatu iliyopita, kwa kuwa choo ni cha nyumba na mpira uliolika ni katika matengenezo ya nyumba, twaona imlazimu mwenye nyumba, si wapangaji; na kama alichukua kutoka kwa mama huyo zaidi ya fungu lake kwa ajili ya dhana ile, amrudishie.

Ndugu zetu wa kamati za misikiti nao wametuuliza kama chombo hiki chaweza kununuliwa kwa fedha za wakfu. Zamani misikiti yetu ilikuwa na birika, na mtu akiteka kwa kata aliona maji yakipungua mbele ya macho yake. Leo ni mifereji, na bili hulipwa kwa sadaka za watu. Ikiwa bei ya chombo haizidi khasara inayotazamiwa kuzuiliwa, yafaa, kwani kuhifadhi mali ya wakfu ni katika kazi ya msimamizi. Lakini kabla ya kununua, msimamizi na apite penye mifereji ya kutawadhia baada ya sala ya Isha, akiwa na fundi na mipira mipya mfukoni. Wallahu aalam.