Kuvua Usiyemla

Katikati ya Oktoba, saa kumi na moja jioni, samaki alinifia mikononi. Alikuwa trauti wa kahawia, dume, wa sentimita kama 35, mwenye madoa mekundu ubavuni. Tumbo lake lilikuwa limeanza kugeuka rangi ya embe bivu, kama wanavyogeuka madume msimu wa kuzaana unapokaribia. Nilimnasa kwa nzi bandia asiyefika hata ukubwa wa punje ya mchele, kwenye mto unaoitwa Spring Creek, katikati ya jimbo la Pennsylvania, Marekani, ninakosomea shahada ya uzamili. Kwa kawaida ndoano hushika pembeni mwa mdomo. Safari hii ilikuwa imezama hadi kwenye matamvua. Nilimshika ndani ya maji, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, nikasubiri apate pumzi. Nilisubiri kama dakika kumi. Akalala ubavu.

Nikamwachia aende na maji, maana sheria ya mto huu hairuhusu kuondoka na trauti, awe hai au mfu. Nilimwona akielea taratibu hadi akakwama chini ya majani makavu ya mkuyu wa kizungu, upande wa pili.

Usiku nilimpigia baba mdogo, Ukerewe. Kwao kulikuwa kumekucha na alikuwa ametoka ziwani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Baridi imeanza huko?"

Nikamweleza habari ya yule samaki. Akauliza alikuwa na ukubwa gani, nikamwambia kama sato wa kupikia watu wawili. Akauliza kama alikuwa mgonjwa. Nikasema hapana.

"Na ukamtupa."

"Ndiyo sheria, baba."

Akanyamaza kidogo. Nyuma yake nilisikia wanawake wa mwaloni wakibishana bei ya dagaa. Kisha akasema, bila hasira, kama mtu anayesoma kipimo kwenye mizani: "Basi mwanangu, huko mnachezea chakula."

Tangu siku ile ninalibeba neno hilo. Nataka kulijibu kwa haki, na kwa hiyo lazima nianze na utamu wenyewe, maana bila huo hakuna mjadala.

Kuvua kwa nzi bandia ni kazi ya ajabu kwa mtu aliyekulia kwenye nyavu. Chambo chenyewe ni manyoya kidogo na uzi uliofungwa kwenye ndoano, hakina uzito wowote, hivyo huwezi kukirusha. Unachorusha ni mshipi mnene. Unaupeleka nyuma, unasubiri ujinyooshe hewani, kisha unauleta mbele, nao unakibeba kile kimdudu cha uongo na kukitua juu ya maji. Ukiharakisha, unajifunga mwenyewe. Miezi minne ya kwanza nilivua miti zaidi ya samaki.

Vuli ndiyo wakati wake mzuri. Joto la kiangazi limeondoka, maji yamepungua na kuwa maangavu hata unahesabu kokoto. Mawingu yakitanda na manyunyu yakianza, hapo ambapo mwenye akili timamu hukimbilia ndani, vidudu vyenye mabawa ya kijivu kama moshi hupanda kutoka chini ya mto na kuelea juu ya maji vikikausha mabawa. Mabawa yakishakamilika, vinaishi siku moja au mbili tu. Trauti wanawajua. Unaona pua inatokeza, duara linatanuka, kisha kimya. Unasimama ndani ya maji hadi magotini, vidole vimekufa ganzi, na kwa saa mbili huwazi ada, wala tasnifu, wala nyumbani. Halafu moja ya yale maduara inatokea pale ulipotua nzi wako. Mkono unashtuka kabla ya kichwa. Nimesoma vitabu vingi kuhusu furaha, na sijakuta kilichoieleza sekunde hiyo.

Kwa hiyo ninakiri kwamba ninakwenda kwa sababu ya raha. Swali la baba mdogo ni kama raha hiyo inatosha kumchoma kiumbe mdomo.

Jibu la haraka nililopewa na wavuvi wa hapa ni kwamba samaki hasikii maumivu. Silo jibu la kipuuzi. Mwanasayansi wa Kimarekani James Rose alitetea hoja hiyo mwaka 2002: samaki hana lile gamba la nje la ubongo ambalo kwa binadamu ndilo linaloyafanya maumivu yawe maumivu, kwa hiyo kupapatika kwake ni mwitikio tu wa mwili. Mwaka uliofuata Lynne Sneddon na wenzake, Uskoti, walichapisha utafiti juu ya trauti wa upinde wa mvua. Waliwadunga sumu ya nyuki au asidi midomoni. Samaki wakachelewa kula, na waliodungwa asidi wakasugua midomo yao kwenye kokoto. Mabishano hayajaisha. Lakini mimi nimeishika ile midomo. Mtu anayehitaji kushinda mjadala wa ubongo ndipo apumzike jioni yake ya Jumamosi, tayari ana wasiwasi ambao mjadala hautauondoa.

Jibu la pili ni kwamba wavuvi ndio wanaoulinda mto. Ni kweli. Ada za leseni zao hulipia usimamizi wa mito, na vyama vyao hupanda miti kingoni. Lakini anayefagia msikiti kila asubuhi hapati kwa hilo ruhusa ya kuondoka na viatu vya waumini.

Kilichonisumbua zaidi ni historia ya sheria yenyewe. Nilidhani marufuku ya kuua trauti Spring Creek ilizaliwa na huruma. Sivyo. Ilikuja mwaka 1982 kwa sababu ya sumu: kemikali za kiwandani, mojawapo dawa ya wadudu iitwayo kepone, zilikuwa zimeingia mtoni na kwenye nyama ya samaki. Watu waliambiwa wasiwale, kisha wasiwachukue kabisa. Samaki wa kufugwa hawakupandikizwa tena, na wale wa mwituni wakaongezeka hadi mto ukasifika. Sumu ilipopungua, hakuna aliyetaka kurudisha kikaango. Tena trauti wa kahawia si mwenyeji hapa. Mayai yake yaliletwa Marekani kutoka Ujerumani mwaka 1883, na mara nyingi amemsukuma kando trauti wa asili wa vijito hivi. Nilipomsimulia baba mdogo alicheka: "Kumbe ni sangara wenu." Ndiyo hasa. Sangara naye aliletwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, akala aina nyingi za furu hadi zikatoweka, na sasa tunamtegemea na kumtungia sheria za kumlinda.

Uswisi wamekwenda kinyume kabisa na Pennsylvania. Huko huruhusiwi kwenda kuvua kwa nia ya kurudisha samaki: kama una sababu ya kumtoa majini, muue upesi umle, na kama huna, mwache. Yaani jioni ile ile, samaki yule yule, hapa ningekuwa mhalifu kwa kumpeleka nyumbani, na kule kwa kuja na mpango wa kumwachia. Mwanzoni niliona mmoja wao lazima awe mjinga. Sasa naona wanatazama vitu viwili. Pennsylvania inawatazama trauti, jamii nzima, watakaokuwepo mwakani. Uswisi inamtazama trauti huyu, mwenye mdomo huu. Idadi haisikii ndoano. Lakini huyu anayeisikia hawezi kuwepo bila jamii yake, na huko Marekani kurudisha samaki kumesaidia mito mingi kubaki na samaki.

Nilijaribu kujificha nyuma ya baba mdogo. Nilisema: yeye anaua maelfu kwa usiku mmoja, nao wanakufa kwa kukosa pumzi. Hoja hii haina heshima, najua. Karabai zake ndizo zilizonilipia sekondari. Hata hivyo, kuna jambo ndani yake ambalo watu wa hapa hawalioni wanapomsifu "mvuvi wa riziki" kana kwamba hajui raha. Baba mdogo anapenda. Nimemwona usiku wa giza la mwezi, dagaa wanapokusanyika chini ya taa na maji kuanza kuchemka kwa fedha: anaimba, anatukana kwa furaha, anakuwa kijana. Tofauti yetu ni kwamba raha yake imepanda mgongoni mwa haja. Siku ikiondoka raha, haja itambeba. Yangu ikiondoka raha, hakuna kinachobaki isipokuwa samaki aliyechomwa.

Naye ana mizigo yake. Sangara wa chini ya sentimita 50 ni haramu kumleta mwaloni, lakini wavu haupimi, na mara nyingi anapoutoa asubuhi huyo mdogo ameshakufa. "Namrudisha ziwani mfu," alinieleza, "kama wewe." Hakusema zaidi, na sikujua kama alikuwa ananifariji au ananicheka.

Mwishoni mwa Oktoba nilifanya jaribio. Nilichukua koleo nikakata ncha za ndoano za nzi wangu sita, zikabaki vishikizo butu. Niliwahi kusikia kwamba kuna wavuvi wanaofanya hivyo. Siku ya mawingu nikaenda. Trauti walipanda, wakachukua, wakagundua udanganyifu, wakatema. Moyo ulishtuka vile vile. Nikahesabu kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyetoka majini.

Nilitaka kuandika kwamba sikukosa kitu. Nilikosa. Nilikosa uzito, ile dakika ambayo mwenzako yuko upande wa pili wa mshipi na hawezi kuondoka mpaka umruhusu. Na nilikosa kumshika, kumtazama, kisha kufungua mkono mwenyewe. Sikuwa nimejua hadi siku ile kwamba sehemu kubwa ya kile nilichokiita upendo wa mto ilikuwa hiyo, kuwa mtu anayeachia. Baba mdogo, ambaye huachia asichoweza kuuza, hajawahi kuhitaji hisia hiyo.

Novemba sivui. Majike wanafagia kokoto kwa mikia, na kila mahali walipotaga kunabaki doa jeupe, kubwa kama sinia. Ukikanyaga hapo unaponda mayai ambayo hayajaanguliwa. Kwa hiyo napita ukingoni tu, bila ufito. Wiki iliyopita nilifika pale kwenye mkuyu. Yule dume hayupo, labda kachukuliwa na korongo. Mfukoni nina nzi mmoja butu na mmoja mwenye ncha, na bado sijaamua nitamfunga yupi nitakapoanza kuvua tena.