Kicheko na Ustawi: Maisha ya Mtoto Mwenye Sindromu ya Angelman

Shirika la Afya Duniani hufafanua ubora wa maisha kuwa ni jinsi mtu mwenyewe anavyoiona nafasi yake maishani, kwa kuzingatia utamaduni wa jamii yake, malengo yake na mambo yanayomhangaisha. Fasili hiyo humfanya kila mtu kuwa shahidi mkuu wa maisha yake, na ndivyo inavyostahili, ila humwacha pembeni mtoto asiyeweza kusema wala kujibu hojaji. Miongoni mwa watoto hao, wanaomtatiza zaidi mwanafalsafa ni wale wenye sindromu ya Angelman, yaani mkusanyiko wa dalili unaotokana na hitilafu ya jeni moja, kwa kuwa watoto hao, pamoja na kifafa, usingizi wa kukatikakatika na mwendo wa kuyumbayumba, hucheka sana.

Chanzo cha hali hii, ambayo humpata takriban mtoto 1 kati ya 15,000, ni jeni iitwayo UBE3A iliyomo katika kromosomu ya 15. Kila mtu hurithi nakala mbili za jeni hiyo, moja kwa mama na nyingine kwa baba, lakini katika seli za neva za ubongo nakala ya baba hunyamazishwa, hivyo ile ya mama ikikosekana au ikiharibika, hakuna inayobaki kufanya kazi. Harry Angelman, daktari wa watoto wa Warrington nchini Uingereza, alipowaeleza wagonjwa wake watatu mwaka 1965, aliwaita watoto karagosi, baada ya kuona huko Verona mchoro wa Giovanni Francesco Caroto wa mvulana anayetabasamu. Jina hilo liliachwa baadaye kwa kuwa liliwavunjia heshima watoto na wazazi wao, na lilistahili kuachwa, kwani karagosi huchekeshwa na mkono wa mwingine na ndani yake hamna kitu.

Je, kicheko hicho ni furaha, au ni dalili tu kama kilivyo kifafa? Jeremy Bentham, aliyepima wema wa maisha kwa wingi wa raha ukilinganishwa na maumivu, angeshawishika kumhesabu mtoto huyu miongoni mwa wenye heri. Aristotle asingekubali, kwani kwake ustawi ni kutenda kwa ubora kwa muda wa maisha kamili, na kwa sababu hiyo alishikilia kwamba hata mtoto wa kawaida haitwi mwenye heri ila kwa matumaini ya atakachokuwa. Tumaini hilo, kwa mtoto asiyetarajiwa kujitegemea hata ukubwani, halipo kwa namna aliyoiwaza Aristotle, na anayemfuata bila kusita hujikuta ameutoa uhai mzima wa mtu nje ya mizani kabla hajautazama.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 na Chris Oliver na wenzake nchini Uingereza unatoa mwanga ambao nadharia zote mbili hazikuutarajia. Watoto wachache wenye sindromu hiyo walichunguzwa wakiwa peke yao, kisha wakiwa na mtu mzima anayezungumza nao huku akiwatazama usoni, na ikaonekana kwamba tabasamu na vicheko viliongezeka sana katika hali hii ya pili. Kwa hiyo jeni huenda inakifanya kicheko kiwe chepesi kutoka, lakini mtoto hukielekeza kwa mtu, na kinachopimwa hapo si hisia iliyojifungia kichwani bali ni uhusiano.

Hata hivyo, uso unaocheka huweza kuficha maumivu. Asidi ya tumbo inayopanda kooni na choo kigumu ni matatizo ya kawaida kwa watoto hawa, na mganga asiyemzoea mtoto huona bashasha tu, ilhali mama yake, akimwona anacheka huku amejitia mkono mdomoni na kukataa chakula, hujua kwamba tumbo linamuuma. Hojaji iitwayo QI-Disability, iliyotungwa na watafiti wa Perth, Australia, hujazwa na mzazi au mlezi wa namna hiyo, na hupima hisia njema na hisia mbaya kila moja peke yake, pamoja na afya ya mwili, mahusiano, kujitegemea, na burudani na kutoka nje, jambo lisilo dogo kwa watoto ambao wengi wao huvutwa mno na maji na wangepiga beseni kwa viganja mchana kutwa. Wapo wanaolalamika kwamba mlezi husema yaliyo moyoni mwake badala ya yale ya mtoto. Lalamiko hilo lina ukweli, lakini linasahau kwamba kusomwa vizuri na mwingine ni sehemu ya maisha yenyewe yanayopimwa.

Kwa sasa kuna dawa zinazojaribiwa kwa wagonjwa kwa lengo la kuiamsha nakala ya baba. Ikiwa zitafaulu na kicheko kikapungua, anayehesabu raha pekee atalazimika kusema kwamba mtoto amepunjwa. Walezi wengi wakiulizwa wangependa tiba ilete nini, hutaja usingizi na mawasiliano, hata yakiwa ni ya kugusa picha tu kwa kidole, kwa sababu mtoto anayeweza kugusa picha ya tumbo saa nane za usiku huwaokolea wote wawili, yeye na mama yake, saa nyingi za kubahatisha.